Chupa tatu za Jumamosi

Chukua kijana wa chuo pale Moshi anayekunywa bia tatu kubwa kila Jumamosi, na siku nyingine hagusi. Ni mnywaji wa kutiliwa shaka, au ni kijana tu anayejipumzisha? Kabla hujajibu, muulize mtafiti amehesabu nini.

Chombo kinachotumika zaidi ni hojaji ya AUDIT, iliyoandaliwa na Shirika la Afya Duniani baada ya kazi ya pamoja katika nchi sita, Kenya ikiwamo, na kuchapishwa mwaka 1993. Ina maswali kumi na alama 0 hadi 40, na mwenye 8 kwenda juu huhesabiwa kuwa unywaji wake una walakini. Maswali matatu ya mwanzo ni ya kiasi: unakunywa mara ngapi, siku ya kunywa unakunywa vinywaji vingapi, na ni mara ngapi unafikisha sita au zaidi kwa mkao mmoja. Kinywaji kimoja hapo ni gramu 10 za alkoholi tupu. Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5 ina karibu gramu 20, yaani vinywaji viwili.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Msaili akihesabu chupa, anapata alama 2 kwa kunywa mara nne kwa mwezi, 1 kwa vinywaji vitatu, na sifuri kwenye swali la vinywaji sita au zaidi. Jumla 3, nenda nyumbani salama. Akihesabu alkoholi, chupa tatu ni vinywaji sita: alama 2, kisha 2, kisha 3 kwa sababu anafikisha sita kila wiki. Jumla 7. Akikiri kwamba mara moja moja pombe imemfanya ashindwe kutimiza wajibu wake, anapata ya nane na tayari yumo kwenye kundi la hatari. Kijana ni yuleyule, na kila alichosema ni kweli.

Ndiyo maana napenda jinsi Joel Francis na wenzake wa Mwanza na London walivyoipanga kazi yao kuhusu vijana wa miaka 15 hadi 24 katika mikoa ya Kilimanjaro na Mwanza, iliyochapishwa na jarida la PLOS ONE mwaka 2015. AUDIT waliitumia, lakini kiasi hawakukiachia hiyo peke yake. Waliongeza kalenda ya kurudi nyuma, njia inayofahamika kwa majina ya Linda na Mark Sobell. Mhojiwa huwekewa kalenda mbele yake, na kwanza huonyeshwa siku zisizosahaulika: sikukuu, mechi, harusi ya binamu, siku ya mshahara, kumaliza mitihani. Kutoka hapo anarudi siku baada ya siku akieleza alikunywa nini na kiasi gani. Ukimuuliza mtu kwa kawaida anakunywa kiasi gani, anakupa picha anayopenda kuwa nayo. Ukimuuliza kuhusu Jumamosi ya harusi, anakumbuka meza, anakumbuka na aliyelipa.

Jambo la pili ni walioulizwa. Tafiti nyingi za vijana huishia darasani kwa sababu darasani kuna orodha, kuna mwalimu, na kuna dakika arobaini za bure. Hawa walichukua wanafunzi wa sekondari, wa vyuo, walioajiriwa, na vibarua. Kibarua hana daftari la mahudhurio. Kumpata kwa sampuli ya nasibu ni kazi ngumu kuliko hesabu zote zinazofuata. Matokeo yanaonyesha jasho hilo halikupotea bure: wanafunzi wa vyuo waliongoza, asilimia 45 ya wavulana na 26 ya wasichana wakiwa wanywaji wa sasa, na vibarua ndio waliowafuata. Utafiti wa shule za sekondari pekee ungeyakosa makundi yote mawili. Waliofikisha alama 8 za AUDIT walikuwa asilimia 11 hadi 28 kwa wavulana, kutegemea kundi, na wachache zaidi kwa wasichana.

Kilimanjaro ilizidi Mwanza kwa unywaji, na hapo kila mtafiti anakutana na mbege, pombe ya kienyeji ya huko. Chupa ina lebo, mbege haina. Ukali wake hubadilika kwa ndizi, ulezi, gome la msesewe na siku ilizokaa, na watu hunywa kwa kupokezana chombo kimoja. Hapo sioni njia ya mkato: lazima upime alkoholi ya vilabu vya eneo lenyewe, upige picha vyombo vinavyotumika, na kumwonyesha mhojiwa achague.

Na wanaodanganya? Ulaya, utafiti wa wanafunzi wa ESPAD ulioanza mwaka 1995 huchomeka kwenye orodha ya dawa za kulevya dawa isiyokuwepo duniani, Relevin, ili kuwanasa wanaojigamba. Wanaokana wanahitaji mtego mwingine. Kwa vijana wa jamii za wavuvi katika visiwa vya Koome, Uganda, watafiti waliweka hojaji sambamba na kipimo cha damu kiitwacho PEth, kinachoonyesha alama ya pombe kwa wiki mbili hadi nne hivi. Damu haijui aibu, ila haijui pia kama ulikunywa kwa mkupuo mmoja au kidogo kidogo, wala ulikuwa na nani. Mimi ningeitumia kukagua maelezo ya kijana, nisiitumie badala yake.

Kwa bangi mambo yanabana zaidi. Msokoto hauna ujazo unaofahamika, huvutwa kwa zamu, na nguvu ya jani hutofautiana kutoka shamba hadi shamba. Mkojo utasema imetumika, lakini kwa mvutaji wa kila siku alama inaweza kukaa wiki kadhaa baada ya kuacha, kwa aliyejaribu mara moja ikaisha ndani ya siku chache. Kisha kuna sheria: anayekiri pombe anahofia mzazi, anayekiri bangi anahofia polisi. Kwa aliye chini ya miaka 18, fomu ya ridhaa inapita kwanza mikononi mwa mzazi, ambaye tayari anajua mwanawe ataulizwa nini jioni hiyo. Mtafiti aanze na maswali yanayohesabika: siku ngapi katika thelathini zilizopita, mlikuwa wangapi kwenye msokoto mmoja, na ulitoa shilingi ngapi. Jina liachwe nje ya karatasi hiyo kabisa.