Chupa Kando ya Chupa

Mtu mwenye mvinyo mmoja anaoupenda kuliko yote huambiwa kwamba amekwama, na kwamba ni lazima auache ndipo ajifunze. Ushauri huo siukubali. Mvinyo unaoufahamu kiasi cha kuutambua macho yakiwa yamefumbwa ni mali, hasa kwa mwenye kipato cha kawaida. Anayeonja chupa mpya kila mara bila kuwa na wa kwake hukusanya majina tu. Kila chupa humpitia, na wiki ijayo hakumbuki ilikuwaje. Mwenye wa kwake ana pa kusimama. Anaonja mgeni, anarudi kwa wake, kisha anasema: huu ni mkali zaidi, huu ni mwepesi, huu umeacha kitu kwenye fizi. Ufundi wote wa kuonja umejengwa juu ya kurudi huko.

Kwa Watanzania wengi wanaokunywa mvinyo, wa kwanza kupendwa ni mwekundu mtamu wa Dodoma. Wapo wanaoudharau. Mimi nauheshimu, kwa kuwa nyuma yake kuna kilimo cha ajabu. Ulaya mzabibu hupukutisha majani majira ya baridi, hulala, kisha huamka na kuvunwa mara moja kwa mwaka. Dodoma, nyuzi sita hivi kusini mwa ikweta na zaidi ya mita elfu moja juu ya usawa wa bahari, hakuna baridi ya kuulaza. Anayeuamuru ni mkulima mwenye mkasi mkononi. Akishapogolea, mmea huanza maisha upya: machipukizi, maua, vishada, na baada ya miezi michache zabibu ziko tayari. Ndiyo maana Dodoma huvuna mara mbili. Mavuno ya kwanza huja karibu na mwezi wa Machi, mvua zikiwa bado hazijaondoka. Ya pili huja Agosti na Septemba, ardhi ikiwa kavu na anga nyeupe. Zabibu za masika huandamwa na ukungu na hubeba maji mengi. Za kiangazi hukomaa katika hewa kavu, na sukari yake hukolea.

Mizabibu hiyo ililetwa kwa ajili ya ibada. Wamisionari wa Kikatoliki waliipanda Bihawana, mkoani Dodoma, katika miaka ya 1950 ili wapate divai ya misa, na kilimo kikasambaa hadi kwa wakulima wadogo wa vijiji vya jirani. Leo Makutupora, mkoani humohumo, kuna kituo cha utafiti wa zabibu, na ipo zabibu nyekundu inayoitwa kwa jina la mahali hapo. Zabibu iliyokatwa haivumilii kungoja, hivyo mkulima asiyepata mnunuzi kwa haraka hukamua na kuuza mchuzi wa zabibu, kwa lita, kwa wenye viwanda. Anayefungua chupa ya bei ndogo akumbuke mkono ule ulioamua ni tawi gani libaki na lipi liondoke, kwa maana ladha huanzia pale. Mmea ulioachiwa vishada vingi kupita nguvu zake hutoa maji yenye rangi.

Basi aliyezoea mwekundu mtamu aanze wapi? Aanze na ulimi wenyewe, na shule yake iko jikoni. Chukua majani ya chai yaliyochemka mno, unywe bila sukari. Kile kinachokausha mashavu na kukwaruza fizi ni ukakasi, na ukakasi wa mvinyo mwekundu ni wa jamaa moja na ule wa chai. Hutoka kwenye maganda na mbegu. Kisha kamulia ndimu kwenye maji, unywe. Mate yanayojaa pembeni mwa ulimi yanaitwa na uchachu. Halafu kuna sukari, ambayo kila mtu anaijua, na kuna kileo, ambacho husikika kama ujoto kooni baada ya kumeza. Mambo haya manne, pamoja na harufu, ndiyo karibu yote ambayo mwonjaji anayapima. Wataalamu wana maneno mengi zaidi, na baadhi ni mazuri, lakini anayeweza kutaja haya manne kwa uhakika ameshafika mbali kuliko anayejua majina ya mashamba hamsini.

Kisha ubadilishe jambo moja tu kwa wakati mmoja. Weka mwekundu mtamu wako mezani, na kando yake mwekundu mkavu wa hukohuko Dodoma, yaani ule ambao chachu imeachwa ikala sukari yote hadi ikaisha. Nchi ni moja, jua ni moja. Kilichobadilika zaidi ni sukari. Wengi hukunja uso kwa fundo la kwanza, na ni haki yao. Lakini sukari ilikuwa imefunika mengi, na sasa ukakasi na uchachu vimesimama wazi. Onja tena ukiwa na kipande cha mshikaki. Mafuta na protini za nyama huulainisha ukakasi ule, na mvinyo uliokuwa mgumu hufunguka. Kisha rudi kwa wa kwanza. Bado utaupenda, ila sasa utajua unapenda nini ndani yake.

Hatua inayofuata, kwa maoni yangu, ni mvinyo mweupe wa zabibu ya Chenin Blanc, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu sijui zabibu nyingine inayomtendea wema mwenye pesa kidogo kama hii. Asili yake ni bonde la mto Loire nchini Ufaransa. Huko, katika vijiji kama Vouvray, hutengenezwa kutokana nayo mvinyo mkavu, mvinyo wenye utamu wa mbali, mvinyo mtamu kama asali unaoweza kukaa miongo mingi chupani, na hata wenye mapovu. Ni zabibu chache duniani zenye upana huo. Siri yake ni uchachu: hata ikiiva kabisa juani, Chenin hubaki na ukali unaoamsha kinywa, hivyo utamu wake hauchoshi.

Ilifika Rasi ya Tumaini Jema zamani sana. Mvinyo wa kwanza wa huko ulikamuliwa tarehe 2 Februari 1659, wakati wa utawala wa Mholanzi Jan van Riebeeck, na kwa karne nyingi wakulima wa Afrika Kusini waliiita Chenin kwa jina la Steen bila kujua kwamba ndiyo ileile ya Loire. Leo Afrika Kusini ina mashamba mengi ya Chenin kuliko nchi nyingine yoyote, Ufaransa ikiwemo. Kwa muda mrefu ilitumika kutengeneza brandi na mvinyo wa kila siku, kwa kuwa mmea wake huzaa sana na hauna taabu. Kwa hiyo jina lake halikupata fahari, na bei yake ikabaki chini, ingawa baadhi ya mizabibu yake ilikuwa imezeeka na kuanza kutoa zabibu chache zenye ladha ya kina. Na Chenin imepandwa Dodoma pia! Mtu anaweza kuweka mezani Chenin ya Dodoma na Chenin ya Rasi, zabibu moja katika nchi mbili, akasikia kwa ulimi wake tofauti ambayo vitabu huieleza kwa kurasa nyingi. Atafute mapera mabichi, tufaha, nanasi, asali. Asipoyakuta, ataje alichokikuta. Kisha alete samaki wa kupaka, kwa sababu nazi ina mafuta na utamu, na Chenin yenye sukari kidogo huingia ndani ya nazi bila ugomvi.

Kuhusu bei, historia yenyewe inatufundisha tusiiogope. Mwaka 1855 mashamba ya mvinyo mwekundu ya Bordeaux yalipangwa katika madaraja matano, na kipimo kikuu cha madalali walioyapanga kilikuwa bei ya mvinyo wenyewe sokoni. Orodha hiyo bado inatumika, na mabadiliko yake makubwa ni kupandishwa kwa shamba la Mouton Rothschild hadi daraja la kwanza mwaka 1973. Kisha, tarehe 24 Mei 1976, mfanyabiashara Mwingereza Steven Spurrier aliwakusanya waonjaji mahiri wa Ufaransa mjini Paris, akawapa mvinyo wa Ufaransa na wa California bila kuwaonyesha chupa. Katika mwekundu uliongoza Stag's Leap, na katika mweupe Chateau Montelena, wote wa California. Majina yalipofichwa, ndimi zilichagua vingine.

Hata macho hayana budi kunyamazishwa. Mwaka 2001 watafiti wa Bordeaux walichapisha jaribio ambalo wanafunzi 54 wa elimu ya mvinyo walipewa mvinyo mweupe uliotiwa rangi nyekundu isiyo na ladha. Waliueleza kwa maneno ya mvinyo mwekundu. Kwa hiyo funga chupa kwa gazeti kabla ya kumimina. Si lazima kuwe na mashindano. Inatosha kwamba kila mmoja aseme alichokisikia kabla karatasi haijafunguliwa.

Napenda pia njia ya ujirani. Kama unapenda mvinyo wa zabibu ya Malbec wa Argentina, fuata asili yake hadi Cahors, kusini-magharibi mwa Ufaransa, ambako mvinyo wake ni mgumu na mweusi zaidi, mara nyingi kwa bei isiyotisha. Kama unapenda Merlot ya Chile, jaribu Carmenère ya hukohuko. Hadi mwaka 1994, mtaalamu Jean-Michel Boursiquot alipoitambua mashambani, Wachile walikuwa wakiivuna wakidhani sehemu kubwa yake ni Merlot. Walioipenda Merlot yao huenda walikuwa wakiipenda Carmenère miaka yote hiyo.

Pesa huokolewa zaidi kwa watu kuliko kwa punguzo la duka. Chupa ya mililita 750 hugawanyika vizuri kwa watano. Marafiki watano wakileta chupa moja kila mmoja, wakafungua mbili tu kwa kila mkutano, kila mtu ataonja tano kwa bei ya moja, na hakuna atakayerudi nyumbani akiyumba. Kuonja ni kwa mafundo madogo, na anayelewa ameshapoteza kipimo chake. Dukani, kwa mvinyo mweupe wa bei ndogo, chukua wenye mwaka wa karibuni, kwani hautengenezwi ili uzeeke. Usiidharau chupa ya kifuniko cha kuzungusha. Humwepusha mnywaji na ugonjwa wa kizibo, ule unaofanya mvinyo unuke boksi lililoloa. Iogope chupa iliyosimama dirishani juani, hata kama jina lake ni kubwa, kwa maana joto limeshaipika. Na ile kanuni ya kunywa mwekundu kwa joto la chumba ilitungwa katika nyumba za baridi za Ulaya. Dar es Salaam au Mombasa, mwekundu uingie kwenye friji kwa nusu saa, kileo kitulie na matunda yasikike.

Nina ombi moja kwa wenye viwanda wa Dodoma, na ninalisema kwa upendo. Kwingi mwaka ulioandikwa kwenye lebo unatosha, kwa sababu mwaka una mavuno mamoja. Dodoma mwaka una mawili, ya mvua na ya kiangazi, na tofauti yake ni kubwa. Andikeni mwezi. Tupeni Chenin ya Machi na Chenin ya Septemba za shamba moja, mkulima mmoja na mwaka mmoja, katika chupa mbili ambazo mtu wa mshahara wa kawaida anaweza kuzinunua pamoja. Hilo ni jaribio ambalo Bordeaux, kwa fahari yake yote, haiwezi kumwekea mtu mezani.