Biblia ya Shetani: Tuliogopa Kisichomo

Kitaje kitabu hiki ndani ya matatu na kuna mtu atakayekemea kwa jina la Yesu kabla hujamaliza sentensi. Ni haki yake. Lakini mimi nimekisoma The Satanic Bible cha Anton LaVey mwanzo hadi mwisho, na hoja yangu ni hii: kimeogopwa kwa mambo yasiyomo, yaliyomo yakapita bila kuulizwa.

Hebu tuanze na yasiyomo. LaVey, Mmarekani, alianzisha Kanisa la Shetani mjini San Francisco mwaka 1966, akachapisha kitabu mwaka 1969. Shetani wake si kiumbe. LaVey haamini kuna Mungu wa kusali kwake wala ibilisi wa kukuingia. Jina hilo kwake ni nembo tu ya mwili, tamaa na kiburi cha binadamu. Ipo sura kuhusu kafara ya mtu, na kichwa chake kinatisha kweli. Ukiisoma, anakataza kabisa kuchinja mnyama au mtoto. Kafara yake ni kumwapiza adui, basi.

Sasa kumbuka yetu. Mwaka 1994 Rais Moi aliunda tume ya kuchunguza ibada za shetani nchini Kenya, ikiongozwa na Askofu Mkuu Nicodemus Kirima. Ripoti ilipotolewa hadharani mwaka 1999, ilijaa madai ya kafara za watu na maajabu ya kichawi, na hata Mashahidi wa Yehova wakatajwa kuwa mlango wa kuingilia humo. Shetani wa ripoti hiyo na Shetani wa LaVey hawajuani hata kwa salamu.

Si ajabu. Katika Kiebrania jina hilo lina maana ya mpinzani, na katika kitabu cha Ayubu yeye ndiye mshitaki. Baadaye likageuzwa, likawa la kumbandika mshitakiwa: wale wanawake wa Ulaya walioitwa wachawi, kwa mfano, wakachomwa moto.

Washairi ndio waliomrudishia upinzani wake. John Milton, aliyeunga mkono kupinduliwa kwa mfalme wa Uingereza, alichapisha Paradise Lost mwaka 1667, na Shetani wa utenzi huo ana ufasaha kiasi kwamba William Blake alidai mtunzi alikuwa upande wa ibilisi bila kujijua. Umpende usimpende, Shetani huyo anapambana na mwenye enzi.

Wa LaVey je, anapambana na nani? Na jirani yake. Sehemu kubwa ya kitabu cha kwanza kati ya vinne vilivyomo imenyofolewa kutoka Might Is Right, kitabu cha mwaka 1896 cha mtu aliyejificha nyuma ya jina Ragnar Redbeard. LaVey aliondoa chuki ya rangi iliyokithiri humo, akabakiza kiini: abarikiwe mwenye nguvu, alaaniwe mnyonge. Mbele kidogo kuna sura inayowafananisha watu wanaoegemea wengine na wanyonya damu, na inakushauri uwakwepe.

Nakiri, sura hiyo ina utamu wake. Mkenya anayechangia bili za hospitali na karo za wapwa kila mwisho wa mwezi atajikuta akiitikia. LaVey anaandika vizuri anapochokoza unafiki. Anaharibu anapofika kwenye ibada: mtu aliyetuambia mbinguni hakuna mtu sasa anataka apizo lifanye kazi. Anasema ni maigizo ya kutuliza moyo, halafu anayachukua maigizo hayo kwa uzito kuliko hadhira.

Lakini kosa kubwa si mishumaa. Toa pembe, toa joho jeusi, utabaki na nini? Pambana na hali yako. Ndiyo falsafa nzima, na hatukuipata San Francisco. Tunaisikia kwa wahamasishaji wa redioni, kwa mwanasiasa akiulizwa kuhusu bei ya unga, na hata kwenye mimbari ambako maskini huambiwa umaskini wake ni upungufu wa imani. Tume haikuundwa kuchunguza hayo.

Wapo waliolijaza pengo hilo wakitumia jina lilelile. The Satanic Temple, kundi lingine la Marekani lililoanzishwa mwaka 2013, limeiweka huruma katika ya kwanza kati ya kanuni zake saba. LaVey angecheka.

Kwa hivyo ukikikuta kitabu hiki chini ya godoro la kijana wako, usikimbilie kesha la maombi. Keti naye, mfungue ile sura ya wanyonya damu, umuulize: siku utakayougua, wewe utakuwa nani humu?