Elimu Iliyoshuka Majini

Mkonge ndio uliouinua mkoa wa Tanga, na Pongwe yetu ni mtoto wa mkonge. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 kutoka Florida. Iliyofika Pangani ikiwa hai ilikuwa 62 tu, na kizazi cha hiyo 62 kikajaza mashamba ya nchi nzima. Habari hiyo tumeisimulia sana. Tusiyoisimulia ni ya kile kinachobaki nyuma ya korona, mashine ya kuchakata mkonge. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia kwenye mashine, nyuzi hazifiki kilo 5. Kinachosalia ni maji makali na makapi ya kijani, ambayo kwa miaka mingi yalimwagwa mitoni au yakaachwa yaoze. Aliyekulia karibu na korona anaijua harufu yake.

Nimeanza na makapi kwa sababu ninataka kuusifu ufundi wa kuvitazama vitu vilivyodharauliwa hadi vikawa shamba la mtu. Katika nchi yetu, aliyeufikisha mbali ufundi huo ni mwanabotania Profesa Keto Mshigeni.

Kwake, kitu kilichodharauliwa kilikuwa mwani. Zamani watu wa pwani waliuokota mwani wa porini na kuwauzia wafanyabiashara waliousafirisha ng'ambo. Ukaokotwa bila kupandwa, nao ukapungua. Mshigeni alihitimu udaktari wa falsafa Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1974, ambako Maxwell Doty, bingwa wa kilimo cha mwani kilichoanzishwa Ufilipino, alikuwa akifundisha. Akarudi kufundisha botania Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Angeweza kuridhika na maabara na majarida. Badala yake akashikilia kwamba mwani uliweza kulimwa katika maji yetu, akaandika, akafanya majaribio baharini, akawashawishi wenye mamlaka. Mwaka 1989 kilimo cha biashara kikaanza Unguja, Paje na Jambiani, kwa mbegu za Ufilipino. Tanga nayo ilikipokea: mradi wa hifadhi ya pwani ulioanza mwaka 1994 ulikihimiza katika vijiji ambavyo baruti za wavuvi zilikuwa zimeharibu matumbawe.

Shamba la mwani ni darasa la mazingira lenye adabu yake. Mkulima huenda na bamvua, maji yanapotoka mbali. Hupigilia vigingi kwenye mchanga, hutandaza kamba, hufunga vipande vya mbegu kwa vikamba vya tai-tai, kisha huvisubiri kama wiki sita. Hahitaji mbolea wala dawa. Anachohitaji ni kuyasoma maji: yakiwa ya vuguvugu kupita kiasi mwani huugua, hupauka na kukatika; mvua kubwa ikiipunguza chumvi ya bahari, hunyong'onyea. Mwanasayansi analijua jambo hilo kwa kipimajoto, mama wa pwani analijua kwa miguu yake. Mwalimu ninayemsifu ni yule anayevua viatu ili elimu hizo mbili zikutane, kwa maana mimi siamini kwamba mtu ataitunza bahari kwa kusomewa kanuni za kuitunza. Ataitunza akiwa na kamba zake ndani yake.

Dakta Flower Msuya, aliyefanya utafiti katika Taasisi ya Sayansi za Bahari, Zanzibar, ameuendeleza ufundi huo kwa namna inayonigusa zaidi. Aina ya mwani iitwayo kotonii, yenye bei nzuri kuliko ile ya spinosamu, ilipoanza kufa kwenye maji ya kina kifupi yaliyozidi kupata joto, alifanya kazi na wakulima, wengi wao wanawake, kuipanda kwenye maji ya kina kirefu ndani ya nyavu zilizoshonwa mithili ya mirija. Akawafundisha pia kutengeneza unga na sabuni, ili wasibaki wauzaji wa mwani mkavu kwa bei ya kupangiwa.

Mshigeni naye, alipokuwa Chuo Kikuu cha Namibia, aliivusha hoja yake hadi nchi kavu: uyoga, chakula kinachoota juu ya mabaki ya mashamba. Hapo ndipo fikra yangu inaporudi Pongwe. Watafiti wa Dar es Salaam wameotesha uyoga juu ya makapi ya mkonge, na huko Hale, humuhumu mkoani Tanga, makapi hayohayo yametoa gesi ya kuzalishia umeme. Kijana wa sekondari anayesoma baiolojia hapa hahitaji kusafiri ili kuiona sayansi ikifanya kazi. Akusanye makapi, ayaoshe yapungue ukali, ayapike kwa mvuke kuua vimelea, ayaache yapoe, ayajaze katika mifuko yenye matundu kwa tabaka akichanganya na mbegu za uyoga, aitundike mifuko katika kibanda chenye kivuli na unyevu. Baada ya wiki chache uyoga utachomoza kwenye matundu ya mifuko. Atavuna mara kadhaa, na masalia atayapeleka kwenye bustani ya mchicha ya mama yake.