TAHAKIKI: Picha za Nyumbani kwenye Ubao wa Idara

Wasomaji wa jarida hili waliopita ukumbini muhula huu bila shaka wameziona picha zilizobandikwa kwenye ubao wa matangazo, karibu na ngazi. Ni kazi za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Kila mmoja aliagizwa apige picha tatu kwa simu yake: ya mnyama anayefugwa kwao, ya nyumbani, na ya mtaa unavyoonekana kutoka mlangoni au dirishani. Chini ya kila picha aandike maelezo kwa Kiswahili, yasiyozidi sentensi tatu. Kwa kuwa kazi hizi zimekwisha kupewa alama, nadhani si vibaya zihakikiwe kama tunavyohakiki kazi nyingine yoyote.

Nianze na mbwa, kwani ndio wengi. Nimehesabu 11, na wanne kati yao wanaitwa Simba. Simba kwa Kiganda ni empologoma, lakini mimi sijawahi kusikia mbwa wa hapa Kampala akiitwa hivyo. Inaonekana mbwa wetu walikubali Kiswahili mapema kuliko wenye mbwa.

Katika picha moja mbwa amelala kizingitini. Maelezo yake: "Huyu ni mbwa wetu. Jina lake ni Simba. Anapenda mifupa." Sarufi ni safi na alama ni kamili. Lakini sentensi ya kwanza tumekwisha kuiona pichani, na ya tatu ingemfaa mbwa yeyote duniani. Linganisha na picha ya jirani yake, iliyopigwa vibaya, gizagiza: "Mbwa yetu anatujua kwa miguu. Mgeni akikuja anabweka, baba akirudi usiku ananyamaza." Mwalimu amezungushia wino mwekundu maneno mawili, na ni haki yake. Mbwa yumo katika ngeli ya A-WA, kwa hiyo ni mbwa wetu. Na mgeni akija, si akikuja. Mimi ningeongeza kwamba "vishindo" lingefaa kuliko "miguu". Hata hivyo, katika ubao mzima hakuna maelezo mengine ya mbwa yanayosema jambo ambalo picha isingeweza kulisema. Picha haina sauti. Haijui baba anarudi saa ngapi. Tulimnyima mwanafunzi huyu alama mbili, na sidhani kama kuna aliyemwambia kwamba ameandika vizuri kuliko wenzake.

Kwenye picha za nyumbani wengi wamekwama. Karibu zote ni za sebule: viti vyenye vitambaa vya kufuma, kalenda, televisheni, picha ya mahafali ya kaka. Zimepigwa kwa karibu mno, na ukitazama pembeni unaona sababu, maana ncha ya pazia imeingia, na nyuma ya pazia kuna kitanda. Mwanafunzi mmoja hakuficha. Alipiga chumba chote, akaandika: "Tunaishi watu watano ndani ya mzigo." Darasa lilicheka, na walimu tulicheka pia.

Kwa wasomaji wetu walio nje ya Uganda, niseme kwamba chumba kimoja cha kupanga hapa Kampala huitwa muzigo kwa Kiganda. Mwanafunzi alidhani kwamba akiiondoa "u" amekwisha kupata Kiswahili. Sahihisho aliloandikiwa, "chumba cha kupanga", halina kosa. Lakini ningependa kwanza aelezwe mzigo ni nini kwa Mswahili, kisha aachiwe achague mwenyewe. Watu watano ndani ya mzigo! Kuna washairi ambao wangelitafuta neno hilo mwezi mzima.

Mtaa ndio umenisikitisha zaidi. "Mandhari nzuri" imeandikwa mara saba. Mara moja iko chini ya kaloli, wale ndege wakubwa wenye upara, wakiwa wamesimama juu ya jaa la taka. Mara nyingine iko chini ya picha ya Bwaise baada ya mvua, maji yamefika kizingitini na mtoto amebebwa mgongoni. Waganda huita picha ekifaananyi, kitu kinachofanana, neno ambalo ni ndugu wa kufanana kwetu. Maelezo haya hayafanani na chochote. Wala wanafunzi si wa kulaumiwa peke yao, kwani mandhari nzuri wameitoa kwenye insha za mfano tunazowagawia sisi.

Huenda msomaji akaona ninakuza jambo dogo. Lakini wazazi na babu za wanafunzi hawa ni watu waliokisikia Kiswahili kambini na kwenye vizuizi vya barabarani, na Idi Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 hakukifanya kipendwe. Katiba ilirekebishwa mwaka 2005, na Julai 2022 Baraza la Mawaziri likakubali kwamba somo hili liwe la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa familia nyingi, maelezo kama haya ya picha ndiyo Kiswahili cha kwanza kuandikwa kuhusu nyumba yao. Ikiwa neno lao la kwanza ni mandhari nzuri, watakirudisha kambini.

Imebaki karatasi moja isiyo na picha. Aliyeiandika alitoka Goma mwaka 2025. Maelezo yake ni haya: "Nyumba yetu ilikuwa na mlango wa buluu. Mama aliufunga kwa kufuli. Paka alibaki ndani." Hakuna kosa hata moja, wala sifa isiyo na kazi. Kuna rangi moja, kufuli moja, na mnyama tuliyemwagiza atuonyeshe. Agizo letu lilidhani kwamba kila mtu ana mlango wa kwenda kuupiga picha.

Katika nafasi ya picha amepewa sifuri, kwa hoja kwamba wote wapimwe kwa kipimo kimoja. Nimeomba kikao cha mwisho wa muhula kiijadili alama hiyo. Mpaka ninapoandika haya, karatasi iko upande wa kulia, chini, na aliyeibandika ameacha nafasi ya picha juu yake.