Jan Kiepura alipanda juu ya motokari: kosa lake liko wapi?

Wenzangu, kila mara tukizungumza juu ya mutu aliyesomea kitu kimoja akafanya kingine, tunagawanyika. Wengine wanasema ametupa masomo yake, wengine wanasema amefungua macho. Leo ninaleta mfano wa mbali: Jan Kiepura, tenori wa Polandi. Wale wa kwaya munajua, tenori njo sauti ya juu ya wanaume. Nimemusikiliza sana kwenye simu, na niko na neno juu yake, zuri na baya.

Alizaliwa 1902 kule Sosnowiec, muji wa makaa ya mawe kusini mwa Polandi. Baba yake alikuwa mwoka mikate. Kijana akaenda Warsaw kusomea sheria, kazi yenye heshima, ile wazazi wa kila inchi wanaipenda. Kumbe pembeni alikuwa anajifunza kuimba. Katikati ya miaka ya 1920 alishaanza opera, na 1926 yuko Vienna, anaimba Tosca pamoja na Maria Jeritza, mwimbaji mukubwa wa wakati ule. Mwaka uleule aliimba Calaf katika Turandot ya Puccini, kazi iliyokuwa imetoka Milan miezi michache tu mbele. Alikuwa na miaka 24. Wengi wetu kwa miaka ile tulikuwa bado tunatafuta mwalimu wa kutuongoza kazi ya mwisho.

Kisha sinema ikaanza kusema. Kutoka 1930 Kiepura akaingia humo. Das Lied einer Nacht ya 1932 ni filme ya tenori maarufu anayekimbia msimamizi wake, anabadilishana jina na tapeli mumoja. Filme zake zilitengenezwa kwa lugha zaidi ya moja, na watu ambao hawangeweza hata siku moja kulipa kiti cha opera wakamusikia. Pale Warsaw aliwaimbia watu toka balkoni ya hoteli, hata toka juu ya paa ya motokari. 1936 alimuoa Marta Eggerth, mwimbaji wa Hungaria aliyecheza naye filme. 1938 aliingia Metropolitan Opera ya New York kama Rodolfo katika La bohème. Mwaka uleule Hitler alichukua Austria, na kwa mutu ambaye mama yake alikuwa wa asili ya Kiyahudi, njia ya kurudia Vienna ilifungwa. 1943 yeye na bibi yake walikuwa Broadway, katika The Merry Widow, muziki mwepesi wa kufurahisha watu.

Wapenzi wa opera wengi wanamulaumu: sauti ya namna ile, kuipeleka kwa sinema na kwa barabara! Mimi sikubali. Tuangalie tenori mwingine wa Polandi, Jean de Reszke, aliyezaliwa Warsaw 1850. Alianza na sauti ya chini kidogo, ya baritoni, kisha akageuka tenori, akatawala Paris, London na New York. Wakati wake walimuona mukubwa kuliko wote. Leo tunabaki na nini? Vipande vichache vilivyokamatwa ndani ya opera ya New York karibu 1901, makelele mengi, sauti kama ya mutu aliye ngambo ya mutoni. Kiepura tunamusikia muzima. Kupeleka elimu yako mahali watu wako si kuitupa. Anayebaki ndani ya maktaba si musafi kuliko anayeshuka shambani.

Kosa la Kiepura liko mahali pengine, na linasikika. Alipenda sana kukaa juu ya nota ya juu. Anaifikia, inangaa, ni nzuri kweli, halafu hataki kuiachilia. Kwa Calaf inafaa, juu Calaf ni mutu wa kujivuna, anacheza na kichwa chake mwenyewe na anajua atashinda. Lakini Rodolfo ni mushairi maskini, ndani ya chumba cha baridi, anaongea na binti mugonjwa ambaye amemushika mukono sasa hivi. Nota ya juu pale ni moyo unaoruka, haiko bendera. Ukiishikilia sana, Mimi anapotea, mushairi anapotea, anabaki Kiepura anayengojea makofi. Njo maana filme ya tenori anayekimbia ilimukaa vizuri: alikuwa anajicheza mwenyewe.

Sisi wa agronomia tunajua hii. Maharagi ukiyapa azoti kupita kiasi, yanatoa majani mazuri, kila mupita njia anasifu, lakini maganda ni machache. Makofi yalikuwa azoti ya Kiepura. Alipewa mengi mapema, na hakuna aliyemupimia.

Alikufa karibu na New York Agosti 1966, akazikwa Warsaw. Desemba ya mwaka uleule alizaliwa Piotr Beczała, tenori mwingine wa Polandi, yuko hai na anaimba hata leo. Yeye pia ameimba Rodolfo. Musikilize wote wawili kwa wimbo uleule. Kwa Kiepura nasimama, napiga makofi. Kwa Beczała nasahau kupiga, juu nataka kujua yule binti atajibu nini. Kwangu mimi, kipimo ni kile.

Basi tusiulizane tena kama mutu amebaki ndani ya diplome yake ao ametoka. Tuulizane: pale alipokwenda, anatumikia kazi, ao kazi inamutumikia yeye? Nyinyi munaonaje?