Mtenda Asiyetajwa: Lugha ya Taarifa za Mateso ya Wanawake wa Kwale, 1997

Machafuko yaliyoanza Likoni usiku wa tarehe 13 Agosti 1997, yakaenea hadi Diani na sehemu nyinginezo za Kwale, yameandikwa sana. Kenya ilikuwa chini ya utawala wa Rais Daniel arap Moi, na uchaguzi mkuu ulikuwa umekaribia. Wavamizi walikishambulia kituo cha polisi, wakatwaa silaha, kisha wakawageukia watu wa bara. Zaidi ya watu 100 waliuawa, na wapatao 100,000 waliyahama makazi yao. Msako wa serikali uliofuata uliwaelemea Wadigo: mashirika ya haki za binadamu yaliripoti watu kukamatwa ovyo na mahabusu kuteswa, na askari wakatuhumiwa pia kwa ubakaji. Hapa hakukusudiwi kuupima upya ushahidi huo. Kinachochunguzwa ni lugha ya taarifa zenyewe, hasa pale zinapomtaja mwanamke.

Yafaa kuanza na jina. Tukio hilo limezoeleka kuitwa “Kaya Bombo”, kutokana na msitu uliohusishwa na wavamizi. Kwa mkazi wa Galu, aliye jirani na msitu wa Kaya Kinondo, kaya ni makazi ya wahenga na mahali pa matambiko. Katika Kiswahili sanifu, kaya ni watu wa nyumba moja. Neno lenye maana ya makao likageuzwa kuwa jina la ghasia. Jina hilo linaelekeza kidole msituni tu. Halidokezi wanasiasa waliotuhumiwa kuchochea, wala halidokezi msako. Mwanamke wa Kidigo aliyeteswa na askari hulazimika kuisimulia dhiki yake chini ya jina linalowashtaki watu wake.

Jambo la pili ni kauli ya kutendwa. Si kosa kwa lugha kuwa na kauli hiyo, wala si lazima kila mara mtenda atajwe. Lakini itazamwe sentensi ya aina hii: “Wanawake walipigwa na nyumba zikachomwa.” Katika Kwale ya mwaka 1997 sentensi hiyo ina maana mbili zisizopatana. Yawezekana wanawake hao ni wa bara na waliowapiga ni wavamizi. Yawezekana pia ni Wadigo na waliowapiga ni askari. Kiunganishi “na”, chenye herufi mbili tu, kingetosha kuondoa utata. Kikiachwa, makosa ya dola huchanganyika na ya wavamizi, na mwenye mamlaka hupata pa kujificha. Mwandishi huenda alikusudia tahadhari tu; hata hivyo, tahadhari hiyo haiwafai wote kwa kiwango kimoja. Humfaa zaidi mwenye bunduki ya serikali.

Tatu ni msamiati wa ubakaji. Kwa miaka mingi magazeti na ofisi nchini Kenya zimetumia maneno “dhuluma za kimapenzi”. Mapenzi hayana nafasi katika tendo hilo. Hii ni tafsiri sisisi ya istilahi ya Kiingereza, nayo iliingia katika mazingira ya sheria yenye upotofu wa namna yake: Kanuni ya Adhabu iliuweka ubakaji katika sura ya makosa dhidi ya maadili, hadi Sheria ya Makosa ya Ngono ya mwaka 2006 ilipobadili mpangilio huo. Sheria iliona maadili yamevunjwa. Gazeti likaona mapenzi yamepotoka. Mtu aliyeumizwa hakuonekana katika istilahi yoyote kati ya hizo.

Huenda ikajibiwa kwamba tasfida ni desturi ya pwani, na kwamba sitara ni heshima. Hoja hii ina uzito. Mwanamke anayesema mbele ya wazee kuwa “alivunjiwa heshima” hajashindwa na lugha. Amechagua kujistiri, na wasikilizaji wake wanamwelewa. Lakini sitara ni haki ya anayejistiri. Mwandishi wa taarifa anapoitwaa, humstiri mkosaji. Na Kiswahili hakijakosa usemi wa wazi usio wa matusi: “askari walimwingilia kwa nguvu” hutaja mtenda, tendo na kutoridhia.

Inafaa kulinganisha na tukio la mwaka 1992, mama wa wafungwa wa kisiasa walipogoma kula katika bustani ya Uhuru, Nairobi, wakiwa pamoja na Wangari Maathai. Polisi walipowashambulia, baadhi yao walivua nguo kama laana. Hapo taarifa hazikuweza kuepuka kauli ya kutenda: waligoma, walivua, walilaani. Hata hivyo walitambulishwa kama “akina mama”, yaani kwa wana wao. Mwanamke anayedai haki yake mwenyewe, si ya mwanawe, bado hakupewa jina.

Tume ya Jaji Akiwumi, iliyoundwa mwaka 1998, ilikamilisha kazi yake mwaka 1999, lakini ripoti haikutolewa hadharani hadi mwaka 2002. Ripoti hiyo, pamoja na ile ya Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ya mwaka 2013, iliandikwa kwa Kiingereza. Hivyo maneno yaliyotamkwa kwa Kidigo au Kiswahili humrudia msemaji, kama yanarudi, kwa tafsiri ya mkono wa pili, na hapo ndipo “mapenzi” huingia mahali pasipo pake. Kazi ya idara za lugha iko hapa: kukusanya na kuhifadhi shuhuda katika lugha zilimotamkwa, kusahihisha istilahi hizi katika kamusi na mitaala ya uandishi wa habari, na kumfundisha mwanafunzi kwamba anapoandika “alipigwa”, msomaji ana haki ya kuuliza: na nani?