Mkate wa Wishwa: Jiko na Msimu katika Ushairi wa Kiswahili

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili chakula hutajwa kwa nadra, na kinapotajwa huhesabiwa kuwa ama pambo la mandhari ama ishara ya utabaka: wanaoshiba upande mmoja, wenye njaa upande wa pili. Usomaji wa namna hiyo si wa makosa, lakini haujitoshelezi. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba mapishi ni maarifa ambayo mshairi huyategemea bila ya kuyaeleza, kwa kuwa hadhira yake ilikuwa nayo tayari. Na kwamba mhakiki asiye na maarifa hayo huikosa sehemu ya maana ya kazi anayoihakiki.

Tuanze na kisa kinachojulikana sana. Fumo Liyongo amefungwa gerezani. Mama yake humpelekea chakula kwa mkono wa kijakazi Saada, na walinzi hukila kilicho kizuri wakamwachia mfungwa kisichofaa. Liyongo anamtuma Saada kwa wimbo: mama aoke mkate wa wishwa, na ndani yake atie tupa. Mama anaandaa chakula kizuri pamoja na mkate huo. Walinzi wanakichukua chakula, wanaudharau mkate, na ngoma ya gungu ikivuma nje, Liyongo anazikata pingu zake. Kisa hiki kimo katika hadithi alizozichapisha Edward Steere mwaka 1870, na kimo katika utendi wa Muhammad Kijumwa wa Lamu wa mwaka 1913.

Wafafanuzi wengi husifu werevu wa Liyongo na kuishia hapo. Lakini kwa nini wishwa? Wishwa ni kile kinachosalia baada ya nafaka kutwangwa na kupepetwa. Aghalabu hutupiwa kuku. Mkate wa unga safi ungaliliwa na walinzi, na tupa ingalifichuka mara moja. Hilo ni jibu la kitabaka, nalo ni la kweli. Jibu la pili linatoka jikoni. Nimewahi kuuoka mkate wa namna hiyo nyumbani. Wishwa peke yake haushikamani. Sharti utiwe unga kidogo wa kuufunga, na ukisha kuiva huwa mnene, mzito, wenye kukwaruza mkono. Uzito wa chuma haugunduliki kwa urahisi ndani yake, wala aushikaye hatashangaa kuuona mgumu. Mkate wa kumimina, ulio laini na wenye matundu, usingaliweza kuitunza siri hiyo. Basi hila ile ina watungaji wawili: mwana aliyeitia katika wimbo, na mama aliyejua namna ya kuufumbata mkate ule juu ya chuma na kuuivisha usipasuke. Wimbo umehifadhiwa, ujuzi wa mama umeachwa kimya.

Kimya hicho kinapatikana pia katika Utendi wa Mwana Kupona wa mwaka 1858. Mama anamwasia bintiye amwandalie mumewe chakula kwa wakati na kwa adabu, lakini hamwelezi hata mara moja namna ya kukipika. Wako wasomi ambao wameuona wasia huu kuwa ni mafunzo ya utiifu wa mke na basi. Kwa maoni yetu kimya chenyewe kinastahili kuhojiwa, na sababu zake ni mbili. Kwanza, upishi ulifunzwa kwa mkono na kwa jicho, wala haukuhitaji vina na mizani ili ukumbukwe. Pili, Mwana Kupona alikuwa mke wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu, na katika nyumba ya cheo kama hiyo kazi nzito ya mekoni ilikuwa ya watumwa. Utendi wenyewe unamwonya binti asitangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Kuandaa si kupika. Aandaaye ametajwa, apikaye hakutajwa. Mhakiki anayeshughulikia unyonge wa mwanamke katika utendi huu bila ya kumtafuta yule mwanamke wa pili, aliye karibu na mafiga, ameifanya nusu ya kazi.

Jambo jingine linaloachwa kimya ni wakati. Mapishi ya pwani hufuata kalenda mbili. Ya kwanza ni ya pepo: kaskazi yenye joto na bahari tulivu, kisha kusi, pamoja na mvua za masika na bahari inayomzuia mvuvi asitoke. Ya pili ni ya mwezi. Ramadhani hutangulia kwa siku 10 au 11 kila mwaka, ikaizunguka misimu yote kwa muda wa miaka 33 hivi. Kwa hivyo kaimati, vibibi na tambi za futari hupikwa mwaka huu katika joto la kaskazi, na baada ya miaka kadhaa katika unyevu wa masika. Na mkono wa mpishi hujirekebisha bila ya kuambiwa.

Nilipokuwa nikisoma ng'ambo niliutayarisha mkate wa kumimina wakati wa baridi kali, kama unavyotayarishwa kwetu: mchele ulioroweka, ukasagwa na tui, ukatiwa hamira, sukari na iliki. Kwetu mchanganyiko huo huumuka kwa muda wa saa moja au mbili. Kule ulichukua usiku kucha. Ndipo nilipotambua kwamba maneno "uache uumuke", ambayo hayataji saa, yana joto la pwani ndani yake. Ndivyo ulivyo ushairi wetu wa kale: hunena na watu wanaoijua hewa yake.

Wapo washairi walioamua kukivunja kimya hiki. Katika Sauti ya Dhiki ya Abdilatif Abdalla (1973) mnazi unagombaniwa na watu wawili, na wahakiki wameusoma mgogoro huo kisiasa, kama inavyostahili. Ahmed Sheikh Nabhany, katika Umbuji wa Mnazi (1985), aliugeukia mti wenyewe ili kuuhifadhi msamiati wake. Msamiati huo si orodha tu. Kidaka, kitale, dafu, koroma na nazi ni hatua za tunda moja, na kila hatua ina matumizi yake: dafu hunywewa, koroma bado halijafikia kutoa tui zito, na nazi hukunwa na kukamuliwa. Anayeziita zote "nazi" amepoteza maneno manne, na pamoja nayo uamuzi ambao mpishi huufanya kila siku.

Huenda ikasemwa kwamba haya ni ya somo la sayansi ya nyumbani, si ya idara ya lugha. Lakini hatukatai kujifunza sehemu za jahazi ili tuzielewe tungo za mabaharia. Kwa nini tukatae mofa na kifumbu? Darasani mwangu wanafunzi wengi hulijua neno mofa kutoka katika kamusi tu. Twapendekeza kwamba kila utendi unaohaririwa upya ufafanuliwe maneno yake ya jikoni kwa ushahidi wa wapishi wenyewe, na wanafunzi wanaokwenda Lamu, Siyu na Mombasa kukusanya fasihi simulizi wasiishie kwa wazee wa barazani. Waombe ruhusa ya kuingia jikoni, wasaidie kukuna nazi, na waandike wanayoambiwa, maana mabibi wanaoyajua hayo wanapungua kila mwaka.